Jinsi ya kumwona shorobo kwa macho yako ukitokea Dodoma

Nikiwaambia watu wa hapa Dodoma kwamba kuna ndege wa kijani kibichi, mabawa yake kwa ndani mekundu kama damu, kichwani ana shungi limesimama wima lenye ncha nyeupe, na kwamba unaweza kwenda kumwona ukalala usiku mmoja tu ukarudi, wengi wanadhani nawaelezea ndege wa Brazili. Tumezoea kwamba kwetu ni vumbi, mibuyu na miiba, misitu ya mvua ni habari ya watu wengine. Lakini panda gari asubuhi pale stendi ya Nanenane, jioni uko kwenye ukungu na miti yenye kuvu la kijani mpaka juu, na huyo ndege anaita juu ya kichwa chako. Anaitwa shorobo. Mi nimeshamfuata mara kadhaa, mara ya kwanza nilirudi bila kumwona hata manyoya, kwahiyo naandika hapa vile nilivyojifunza ili wewe usipoteze nauli.

Kwanza umjue ni nani. Mashorobo ni ukoo wa ndege ambao hawapo popote duniani isipokuwa Afrika, kusini mwa Sahara, wako aina zaidi ya 20. Yule wa milima yetu ya karibu kitaalamu anaitwa shorobo wa Livingstone, na watu wakisikia Livingstone wanamkumbuka yule David, kumbe jina lilitolewa kwa heshima ya mdogo wake, Charles, ambaye naye alisafiri mto Zambezi. Urefu wake ni kama sentimita 45 kutoka mdomo mpaka mwisho wa mkia, sasa hapo mkia wenyewe umechukua sehemu kubwa, mwili wake hauzidi wa kuku mdogo wa kienyeji. Dume na jike wamefanana, usihangaike kuwatofautisha.

Kabla hujaenda mbali anzia mazoezi hapahapa nyumbani. Shorobo ana ndugu yake anaishi kwenye ukame wetu, gowe tumbo-jeupe, na huyu ukitoka kidogo tu nje ya mji kwenye migunga na mibuyu huwezi kumkosa. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, shungi refu, mkia mrefu mweusi wenye mkanda mweupe katikati, anakaa juu kabisa ya mti mahali pa wazi na anapiga kelele kama mbuzi aliyekabwa. Wawindaji hawampendi kwa sababu akikuona tu anatangaza na wanyama wote wanajua kuna mtu. Hana kijani wala wekundu, ila umbo ni lilelile, na tabia ya kukimbia juu ya matawi ni ileile, yaani ukishamzoea gowe kwa wiki mbili tatu, macho yako yatakuwa yanajua kitu cha kutafuta. Na huyu ukitaka kujua dume na jike unaweza, jike mdomo wake una ukijani, dume mweusi. Ukiweza kumfuata gowe kwa darubini akiruka mti hadi mti bila kumpoteza, uko tayari kwenda msituni.

Sasa wapi. Kuna njia nyingi lakini kwa mtu wa Dodoma mi nashauri milima ya Ukaguru, upande wa Gairo. Unachukua gari lolote la Morogoro, unapita Chamwino, Kibaigwa, Pandambili, unashuka Gairo. Ukiwa Gairo mjini ulizia magari ya kupanda juu, ya Nongwe au ya Mandege, yapo lakini hayana saa maalumu yanasubiri yajae, kwahiyo ukifika mchana sana utalala Gairo. Barabara ni ya vumbi na kupanda, kiangazi haina shida, masika utelezi wake si wa mchezo, bodaboda wenyewe wanakataa. Kule juu kuna msitu wa hifadhi wa Mamiwa-Kisara na vilele vyake vinapita mita 2,200 juu ya bahari, linganisha na Dodoma mjini ambayo ni kama mita 1,100, uone unapanda kiasi gani. Ndiyo maana ukiondoka na tisheti peke yake utaomba blanketi usiku. Mwezi wa 6 mpaka wa 10 ndio naupenda mimi, njia kavu na msitu haudondoshi maji shingoni kwako kila dakika.

Kwanini milimani na sio hapa? Sababu ni mvua. Upepo unatoka bahari ya Hindi umebeba unyevu, unagonga hii milima tunayoiita Tao la Mashariki, Ukaguru, Rubeho, Uluguru, Nguru, Udzungwa, unapanda unapoa unamwaga mvua upande ule, ukifika kwetu Dodoma umebaki mkavu. Kwahiyo ule ukame wetu na ule msitu wao ni hadithi moja, sisi tuko nyuma ya ukuta. Shorobo anahitaji miti inayozaa matunda mwaka mzima, huu unaisha ule unaanza, na hicho kitu kinapatikana kwenye msitu wenye mvua na wenye miti ya aina nyingi. Ukikata ukaacha mikaratusi na misonobari tupu, msitu kwa mbali unaonekana wa kijani bado, lakini kwa shorobo ni jangwa.

Kibali usikiache. Msitu wa hifadhi hauingii tu kwa sababu hakuna geti. Ulizia ofisi ya wilaya ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, watakupa namba ya malipo unalipa kwa simu, alafu ukifika kijijini unaripoti kwa mtendaji au mwenyekiti unajieleza umekuja kuangalia ndege. Mi mara ya kwanza nilipitiliza hiyo hatua ya kijijini nikaona ni usumbufu, wanakijiji wakanisimamisha njiani zaidi ya saa nzima wakidhani nimekuja kwenye madini au mbao, na walikuwa na haki kabisa, mtu mgeni anaingia msituni alfajiri na begi mgongoni ungemfikiriaje. Mara ya pili nilienda kwa mwenyekiti kwanza, akanipa kijana wa palepale wa kunitembeza, na huyo kijana ndiye aliyenifanya nimwone shorobo. Kwahiyo mlipe vizuri kijana wako, mkubaliane kabla, asubuhi nzima anayokupa ni asubuhi ambayo angekuwa shambani.

Vitu vya kubeba sio vingi. Darubini ndio muhimu kuliko kamera. Ukipata iliyoandikwa 8x42 inatosha kabisa, ile 8 ni mara ngapi inakuza na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kioo kipana kinaingiza mwanga na msituni kuna giza. Usidanganywe na zile za kukuza mara 20 au 30, mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu. Nguo za rangi ya kijani iliyopauka au kaki, sio nyeupe, nyeupe inaonekana mbali mno. Suruali ndefu uchomeke ndani ya soksi sababu ya siafu na kupe, na pale pembezoni mwa mashamba kabla ya msitu angalia upupu, kiangazi zile ganda zake zimekauka ukipitisha mkono tu siku yako imeharibika. Koti la mvua hata kama ni kiangazi. Maji, chapati, karanga. Na simu iwe na chaji pamoja na sauti ya shorobo uliyoidaundolodi kabla, kule juu mtandao unakuja na kuondoka. Kuna tovuti inaitwa xeno-canto watu wanaweka sauti za ndege bure, tafuta kwa jina la kisayansi Tauraco livingstonii, uisikilize nyumbani kila siku kwa wiki nzima mpaka uijue kama mlio wa simu yako.

Hii ya sauti ndio siri yote kwa kweli, naomba niikazie. Msitu wa milimani umefunga, miti mirefu, mwanga mchache, ndege wa kijani ndani ya majani ya kijani, macho peke yake hayatakusaidia. Mi safari yangu ya kwanza niliingia saa 5 asubuhi jua limeshapanda nikatembea, nikatembea, nikatembea mpaka saa 10 jioni nikiangalia juu shingo ikawa inauma, sikuona. Na nilikuwa nawasikia! Sikujua tu kama ni wao. Sauti yake sio ya ndege mzuri hata kidogo, ni nzito, imekwaruza, kao, kao, kao, kao, inarudia zaidi ya mara kumi, mi nilidhani ni mbwa wa kijijini au nyani. Wanaita zaidi alfajiri kuanzia saa 12, na jioni tena, na uzuri wake mmoja akianza wa jirani anajibu na yule wa ng'ambo ya bonde anajibu, kwahiyo ndani ya dakika tano unaweza kujua wako pande ngapi. Usichanganye na mbega, yeye mlio wake ni mnguruma mrefu kama pikipiki inayokataa kuwaka, na usichanganye na hondohondo ambaye hata mabawa yake yakipita juu unayasikia swaa, swaa, swaa.

Kwahiyo fanya hivi. Uwe umesimama ukingoni mwa msitu kabla ya saa 12 asubuhi, sehemu yenye mwinuko unaona bonde. Usiingie bado. Sikiliza tu, onyesha kwa kidole kila wanapoitia, kumbuka mti gani. Shorobo wanaishi wawili wawili au familia ndogo na wana eneo lao, hawahami hovyo, ukiwasikia leo hapo basi kesho pia wapo hapohapo au jirani. Alafu muulize kijana wako swali moja tu, mti gani una matunda sasa hivi. Yeye anajua, kwa sababu nyani na ngedere wanaufahamu, na watoto wa kijiji wanaufahamu. Mara nyingi itakuwa mkuyu au ndugu zake mkuyu, au mzambarau mwitu. Mkuyu ukiwa umezaa ni kama genge sokoni saa 12 jioni, kila mtu anapita hapo, ninga, hondohondo, kima, shorobo, wote.

Ukishaupata huo mti, kaa chini. Hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, wanaona kukaa ni kupoteza muda, wanataka kutembea. Ukitembea yeye anakusikia kabla hujamwona, anatulia kimya ndani ya majani mpaka upite, alafu anaondoka kwa nyuma. Ukikaa, baada ya nusu saa msitu unakusahau. Tafuta sehemu mita 20 au 30 kutoka shina, uegemee mti, jua liwe mgongoni kwako, na uwe na uwazi wa kuona matawi ya katikati na juu.

Siku yangu ilikuwa hivi. Tulikaa tangu saa moja kasoro, mimi na yule kijana, hatuongei. Ukungu ulikuwa unapita kwenye matawi mpaka kuna wakati mkuyu wenyewe unapotea unabaki shina. Matone yanadondoka. Saa 2 na dakika kama 20 hivi kijana akanigusa goti, hakunyoosha mkono, alinyanyua kidevu tu. Nikaangalia, sioni kitu. Alafu tawi moja likawa linatembea. Yaani mwanzoni ndio nilivyoona, kipande cha tawi chenye kuvu la kijani kinakimbia juu ya tawi jingine, kinaruka, kinakimbia tena kama kindi. Akatokea kwenye uwazi akasimama. Nikanyanyua darubini taratibu na hapo ndio nikamwona sawasawa, jicho limezungushiwa duara jekundu, nyekundu ya ushanga, chini ya jicho mstari mweupe mwembamba kama mtu kapaka chokaa kwa kijiti, mbele ya jicho weusi kidogo na kamstari kengine keupe, shungi limechongoka kwenda mbele na kila unyoya una kancha keupe, kwahiyo kichwa chote kina ukingo mweupe kama kimeshonewa lesi. Kijani cha kifuani sio kile cha kung'aa cha kasuku, ni kijani laini, kama majani mabichi ya mgomba yaliyolowa. Akachuma tunda moja, akalitupa nyuma kooni zima zima, akachuma jingine. Alikula kama dakika nne. Alafu akafungua mabawa ashuke bonde, na ule wekundu ukatoka wote kwa mara moja. Nilishusha darubini nikabaki nimekaa tu, kijana akaniuliza kaka vipi, sikuweza kumjibu haraka.

Kwahiyo kumbuka hili, akiwa amekaa wekundu huuoni, au unaona kamstari tu pembeni ya bawa. Wekundu uko kwenye manyoya ya kurukia na anayakunja ndani. Ukiona ndege wa kijani mkubwa kwenye mkuyu alafu akaruka mabawa yakawaka mekundu, hakuna haja ya kuuliza mtu, ni shorobo. Anayeweza kukuchanganya ni ninga, kwa sababu naye ni kijani na anapenda mikuyu, lakini ninga ni njiwa, mdogo zaidi, hana shungi, mkia mfupi, miguuni ana manyoya ya njano kama amevaa soksi, na akiruka anaenda kwa kasi na kishindo. Shorobo si mrukaji hodari. Anapiga mabawa mara chache anaachia anateleza hewani kutoka mti wa juu kwenda wa chini, alafu anapanda tena kwa miguu tawi kwa tawi. Akishateleza usimfuate mbio, angalia ametua mti gani, atakuwa anapanda taratibu kwenda juu na utamwona akitokea kileleni.

Miguu yake nayo ina mpango wake. Kidole cha nje kinaweza kugeuka mbele au nyuma anavyotaka, ndiyo maana anashika tawi na kukimbia namna ile bila kuteleza. Ukipata bahati ya kumwona karibu muangalie miguu kwanza kabla ya rangi, najua ni ngumu.

Kuhusu rangi, nataka nieleze kidogo maana hapa ndipo shorobo anapowaacha ndege wengine wote. Ndege wengi unaowaona kijani hawana rangi ya kijani ndani ya manyoya. Kile kijani kinatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa unavyorudisha mwanga, ukichanganya na rangi ya njano. Shorobo yeye ana rangi ya kijani yenyewe, halisi, inaitwa turakovedini. Na wekundu wake unaitwa turasini, umetengenezwa kwa madini ya shaba, shaba hii hii ya nyaya, kama asilimia 7 ya rangi hiyo ni shaba anayoipata kwenye chakula chake. Mkemia mmoja Mwingereza, Arthur Church, ndiye aliyeichunguza na kuipa jina mwaka 1869. Na ina tabia ya ajabu, inayeyuka kwenye maji yenye magadi au sabuni. Maji ya kawaida ya mvua hayaitoi, angekuwa ameshapauka zamani na ile mvua ya kule. Yule kijana wangu alikuwa ameokota unyoya mmoja wa bawa njiani akanionyesha, upande wa katikati mwekundu kama wino, pembeni na kwenye ncha mweusi wenye ukahawia, ukiugeuza mwangani wekundu unabaki uleule hautoki wala hauhami kama ule wa shingo ya njiwa. Hapo ndio nikaelewa maana ya kusema rangi iko ndani. Tuliurudisha pale pale chini. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu hata unyoya kama nyara, ukikutwa nao bila kibali una kesi, kwahiyo angalia, piga picha, acha.

Chakula chake kikubwa ni matunda, anaongezea majani machanga na maua. Jina la kisayansi la ukoo wao maana yake walaji ndizi, lakini kule msituni ndizi sio chakula chake, usipoteze muda kumsubiri kwenye migomba ya watu. Kwa sababu anameza tunda zima, mbegu anakuja kuzidondosha mbali na mti mama, na miti ya kesho inaota kwenye njia zake. Kiota chake ni vijiti tu vimepangwa kama jukwaa, kama cha njiwa, ukiwa chini unaweza kuona mwanga unapita. Mayai kwa kawaida mawili, baba na mama wanapokezana kuatamia kama wiki tatu hivi. Vifaranga wanatoka kiotani kabla hawajajua kuruka, wanatambaa matawini, na kwenye bawa wana kakucha kadogo kanakowasaidia kushikilia. Ukiona kiota, ondoka. Sio usogee kidogo, ondoka kabisa, kwa sababu ukikaa hapo mama haji na nyani wanakuangalia wewe unaangalia nini.

Na ile sauti uliyoiweka kwenye simu ni ya kujifunzia, sio ya kumwita. Najua wapo wanaoipiga kwa spika ili ndege asogee, na kweli anasogea, kwa sababu anadhani kuna mwenzake kaingia kumnyang'anya eneo, anaacha kula anakuja kugombana na hewa. Mi nimeshuhudia mtu anaipiga zaidi ya nusu saa mfululizo, yule ndege anazunguka tu, niliumia sana. Kama umekaa chini ya mti wenye matunda hauhitaji hiyo kitu.

Picha. Kama huna kamera ya lenzi ndefu tumia simu na darubini pamoja. Mpate ndege kwanza kwa darubini, kisha tuliza darubini juu ya jiwe, begi au bega la mwenzako, sogeza kamera ya simu kwenye kioo kimoja cha kuangalizia, usivute zumu, mduara mweusi ukipungua bonyeza. Fanya mazoezi kwa gowe hapa nyumbani mpaka uweze kwa sekunde tano, kwa sababu shorobo hatakupa sita. Na mazoezi mengine ni ya darubini yenyewe, ukimwona ndege kwa macho usiangalie chini kuitafuta darubini, baki umemkazia macho yeye, ilete darubini mbele ya macho yako. Hii peke yake imeniongezea ndege wengi kuliko kifaa chochote nilichonunua. Zima flashi.

Kama Gairo haikufai kuna njia nyingine. Siku hizi na treni ya SGR kutoka Dodoma mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili, ukishuka unaweza kupanda Uluguru kupitia Morningside, shorobo wapo kwenye msitu ulio juu ya mashamba, alafu unalala mjini. Au uendelee na basi la Ifakara ushuke Mang'ula, hapo ni geti la hifadhi ya taifa ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992, kuna waongozaji rasmi na njia nzuri ya kwenda maporomoko ya Sanje, ni ghali zaidi lakini kwa mtu anayeenda na watoto au wazazi ndio naona panafaa. Ukiwa njiani maeneo ya Mikumi fungua macho, kuna shorobo mwingine wa kwenye miti ya wazi, kishungi chake zambarau ya giza. Kwa waliopo Tanga na Zanzibar yupo wa Fischer mwenye wekundu kisogoni, Kilimanjaro yupo wa Hartlaub mwenye doa jeupe mbele ya jicho, na wa Kagera wanaye yule mkubwa wa bluu ambaye mimi bado namtamani.

Kitu cha mwisho ni jioni ya siku yenyewe. Watu wakishamwona asubuhi wanafunga mizigo wanakimbilia gari. Kama unalala, rudi ukingoni mwa msitu saa 10 na nusu jioni, palepale uliposimama alfajiri. Wataanza kuita tena mmoja mmoja wakirudi kulala, na wakivuka bonde kwa kuteleza jua la magharibi linapita katikati ya mabawa yao, na huo wekundu wa jioni sio sawa na ule wa asubuhi kwenye ukungu, unawaka. Beba tochi kwa ajili ya kurudi, saa 12 na nusu ndani ya msitu tayari ni usiku.